Nafsi ya Kwanza: Stara, Kalamu na Uponyaji wa Manusura wa Ubakaji

Utangulizi



Naomba nianze kwa kosa langu mwenyewe. Kabla sijaingia katika ualimu wa chuo kikuu, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya wasichana. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya mada tuliyoizoea sote, "Siku ambayo haitasahaulika". Mmoja wao aliandika habari za msichana aliyetumwa dukani jioni, akaitwa ndani ya nyumba na mtu mzima aliyemfahamu. Insha ilianza katika nafsi ya tatu: alitumwa, alikwenda, aliitwa. Katikati ya aya ya nne, bila ya alama yoyote, kiambishi kilibadilika: nilisikia mlango ukifungwa. Sentensi mbili mbele kikarudi kuwa a-. Nilipiga mstari wa wino mwekundu chini ya ile ni-, nikaandika pembeni: "Nafsi zimechanganyika. Chunga upatanisho." Nikampa alama 12 kati ya 20, nikamrudishia daftari lake mbele ya wenzake.

Ilinichukua miaka kuelewa nilipigia mstari kitu gani. Mhadhara huu ni jaribio la kukisoma upya kiambishi kile kimoja. Swali ninalouliza ni la kihistoria: tangu lini, na kwa njia zipi, watu waliotendewa ukatili wa kingono wametumia utungo na maandishi ya kutafakari ili wapone? Hoja nitakayoitetea ni hii: maandishi huponya pale ambapo mwenye hadithi amebaki na mamlaka juu ya hadithi yake. Yeye ndiye aamue aseme lini, amwambie nani, asitiri nini, na aingie katika masimulizi kwa nafsi ipi. Lugha yetu imelipa neno nafsi kazi mbili. Kwa mwanasarufi ni yule asemaye, asemezwaye au asemwaye. Kwa watu wote ni roho na utu wa mtu. Nitaonyesha kwamba katika jambo hili kazi hizo mbili hukutana.

Kuficha na kusitiri

Binti aliyebakwa mara nyingi huambiwa kwanza ajisitiri. Mama hulisema neno hilo kwa huruma. Shangazi hulisema kwa hofu. Mjomba pengine hulisema akiwa amekwisha kuzungumza na upande wa pili. Hivyo stara imekuwa jina jingine la kunyamaza, na wapo wanaodhani kwamba uponyaji hauna budi kuanza kwa kuitupa stara na kusema yote hadharani.

Mimi naona hapa tumechanganya vitenzi viwili. Kuficha ni kukiondoa kitu machoni pa watu, na mara nyingi anayenufaika ni mwenye kuficha. Kusitiri ni kumhifadhi mtu heshima yake, kama nguo inavyomsitiri aliyeivaa. Jambo likifunikwa ili mkosaji asalimike, yeye ndiye aliyesitiriwa, na binti ameachwa uchi na baridi yake. Wahenga hawakusema kuwa msitiri hazai. Walisema mficha uchi hazai. Wala hawakusema kuwa kilio humfichua msitiri, bali mficha maradhi.

Msamiati wetu wa kosa lenyewe una historia ya mchanganyiko huohuo. Kitenzi kunajisi, ambacho nchini Kenya hutumika hasa kwa kosa la kuwaingilia watoto, kinamwachia aliyetendewa unajisi, kana kwamba uchafu wa mkosaji umehamia kwake. Kauli ameharibiwa humgeuza mtu kuwa bidhaa iliyopungua thamani. Kubaka, kwa upande wake, humtaja mtenda na tendo lake, ndiyo maana tunaweza kumwita mtu mbakaji. Na neno manusura, ambalo asili yake ni moja na nusura kwa maana ya msaada uokoao, linamtaja aliyebaki hai. Tanzania ilipotunga sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, na Kenya ilipotunga yake mwaka 2006, mabunge yalikuwa yakitafuta adhabu. Anayeandika, naye, huwa anatafuta neno ambalo halitamjeruhi mara ya pili.

Wimbo wa marehemu

Tuanze nyumbani. Katika miaka ya 1920 Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, aliimba wimbo ujulikanao kwa jina la "Kijiti". Wimbo huo ulihusu tukio la kweli. Mwanamke mgeni aliyefika Unguja alichukuliwa na mwanamume kwa ahadi ya starehe, akatendewa jeuri na kuuawa, naye alikuwa mjamzito. Mwanamume huyo alitoroka akavuka kwenda bara, na mkono wa mahakama ukawaangukia watu waliofuatana naye. Wanahistoria wa taarabu, hususan Laura Fair, wameueleza wimbo huu kuwa ni hukumu ya watu wa Ng'ambo juu ya hukumu ya serikali.

Nami nautazama kwa jicho la mwanaisimu. Beti kadhaa zinamtaja marehemu katika nafsi ya tatu: huyu mgeni aliyechukuliwa, huyu aliyerejeshwa maiti. Kisha, bila ya tangazo, nafsi inageuka. Marehemu mwenyewe anasema. Anaeleza jinsi alivyoshawishiwa, na anajutia kutoka kwake. Hakuna aliyewahi kumpigia Siti mstari mwekundu kwa kuchanganya nafsi. Wasikilizaji walielewa kwamba mwimbaji amemwazima marehemu koo lake, kwa kuwa mahakamani hakuwa na sauti.

Wimbo huu haukuweza kumponya aliyekwisha kufa. Ulichofanya ni kuandaa mahali. Mwanamke aliyeketi barazani akausikiliza, na ambaye alikuwa na siri ya aina hiyo kifuani mwake, alipata kujua mambo mawili: kwamba jambo hili lina maneno, na kwamba yapo masikio yatakayoyasikiliza bila ya kumcheka marehemu. Lakini upungufu wake uko wazi. Ni utungo juu ya aliyetendewa, uliotungwa na wengine. Yeye hakuchagua kuutunga.

Mwanamke wa darini

Aliyechagua alikuwa Harriet Jacobs, na kwake inatubidi tuvuke bahari. Jacobs alizaliwa utumwani mwaka 1813 katika mji wa Edenton, North Carolina, nchini Marekani. Alipokuwa binti wa miaka kumi na mitano hivi, bwana wa nyumba aliyokuwa akitumikia, tabibu, alianza kumwandama kwa maneno machafu na vitisho. Ili kumkwepa, mwaka 1835 alijificha katika dari ya nyumba ya bibi yake, mahali penye urefu wa futi 9, upana wa futi 7, na kimo cha futi 3 hivi pale palipoinuka zaidi. Alikaa humo karibu miaka saba, akiwachungulia watoto wake kupitia tundu. Mwaka 1842 alitorokea Kaskazini.

Rafiki yake Amy Post, aliyepinga utumwa, alimsihi aandike. Jacobs alisita kwa miaka. Alipopendekezewa kwamba Harriet Beecher Stowe, mwandishi mashuhuri wa wakati huo, amsaidie, Stowe alitaka kuiingiza habari yake katika kitabu chake mwenyewe. Jacobs alikataa. Akaanza kuiandika mwenyewe mwaka 1853, usiku, baada ya kazi ya kulea watoto wa watu. Kitabu kilitoka Boston mwaka 1861. Katika kurasa zake Jacobs anaitwa Linda Brent, na yule tabibu amepewa jina jingine. Yapo mambo aliyoyaeleza kwa urefu, na yapo aliyoyapitia kwa sentensi moja, akimwambia msomaji waziwazi kwamba kuyakumbuka kunamuumiza. Wasomi wengi walidhani kitabu hicho ni riwaya ya mhariri wake, Lydia Maria Child, mpaka Jean Fagan Yellin alipothibitisha kwa barua na hati, katika miaka ya 1980, kwamba mwandishi ni Jacobs mwenyewe.

Hii ndiyo stara niliyokusudia. Jina la kupanga halikumficha mkosaji. Lilimsitiri mwandishi wakati akimfichua mkosaji. Nafsi ya kwanza imo kitabuni tangu mwanzo hadi mwisho, ila imevaa buibui aliloshona mwenyewe.

Jacobs alifariki dunia mwezi Machi 1897. Mwezi uliofuata, Aprili 1897, Sultani wa Zanzibar alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo kama watumwa wengine. Suria aliweza kudai uhuru kwa kuthibitisha ukatili tu, na iliwachukua wanawake hao mpaka mwaka 1909 kupata haki sawa na wenzao. Sheria iliona shamba, ikaona bandari, lakini ilipofika mlango wa chumba cha ndani ikainamisha macho. Kalamu nayo ilikuwa mbali. Sayyida Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alizaliwa na suria wa Kicherkesi wa Sultani Said mwaka 1844. Ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Ikiwa binti wa Sultani aliiba elimu ya kuandika, mjakazi wa jikoni angeipata wapi? Mpaka leo tunaposoma historia ya utumwa wa pwani hatuna budi kukumbuka kwamba nafsi ya kwanza ya wengi imenyamazishwa, na kwamba nyaraka za mabwana, mabalozi na wamisionari zinasema nao katika nafsi ya tatu.

Ukimya wa miaka mitano

Maya Angelou, aliyezaliwa Marekani mwaka 1928, alibakwa alipokuwa na umri wa miaka minane na mwanamume aliyekuwa na uhusiano na mama yake. Alimtaja mkosaji, mkosaji akahukumiwa, akaachiwa, na muda mfupi baadaye akakutwa ameuawa. Mtoto akaamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua. Akaacha kusema na watu, isipokuwa ndugu yake, kwa karibu miaka mitano.

Aliyemrudisha katika maneno hakuwa mwanasheria wala daktari. Alikuwa mama mmoja wa Stamps, Arkansas, Bertha Flowers, aliyemkaribisha nyumbani kwake, akampa vitabu na kumtaka asome mashairi kwa sauti. Hakumwuliza lililompata. Alimpa maneno ya watu wengine kwanza, ili mtoto aone kwamba sauti inaweza kutoka kinywani bila ya mtu kufa. Zaidi ya miaka thelathini ilipita tangu kosa lile hadi Angelou alipochapisha sehemu ya kwanza ya wasifu wake, mwaka 1969, akalieleza kwa jina lake mwenyewe.

Hapa tunajifunza jambo ambalo wenye haraka ya kusaidia hulisahau: kusoma hutangulia kuandika, na ukimya si adui kila wakati. Mbegu iliyo ardhini nayo imefunikwa, na hakuna aifukuaye kila asubuhi kuona kama imeota.

Mahakama ya Arusha

Karne ya ishirini ilipokaribia kwisha, jambo hili lilifika mlangoni petu. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliketi Arusha. Mashtaka ya awali dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba, hayakuwa na neno lolote juu ya ubakaji. Kesi ilianza Januari 1997. Ndipo shahidi mmoja, mama, alipoeleza bila ya kuulizwa yaliyompata binti yake wa miaka sita. Shahidi mwingine akafuata. Navanethem Pillay, jaji mwanamke pekee katika jopo lile, aliwauliza zaidi. Juni 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikatamka, kwa mara ya kwanza katika historia ya mahakama za kimataifa, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Wanaisimu watapendezwa na sehemu moja ya hukumu ile. Mahakama ilijadili maneno manne ya Kinyarwanda yaliyotumiwa na mashahidi: gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu. La kwanza lina harufu ya zinaa. La tatu humaanisha kulala pamoja. La nne, ambalo Mswahili atalitambua bila ya mkalimani, ni kukamata kwa nguvu. Mashahidi waliyabadilisha maneno hayo kwa kadiri ya aibu na ujasiri wa dakika ile, na mahakama ililazimika kuelewa kwamba stara ya neno haipunguzi uzito wa kosa. Majina ya mashahidi nayo yalisitiriwa kwa herufi: J, H, JJ. Herufi hizo zilifanya kazi ileile ya jina la Linda Brent.

Hata hivyo, mahakama si mahali pa kupona. Huko, hadithi hukatwa vipande na maswali, na mwenye kuchagua mpangilio ni wakili. Mwaka 2001, katika kesi nyingine ya mahakama hiyohiyo, majaji walicheka wakati shahidi aliyebakwa akihojiwa na wakili wa utetezi. Ilielezwa kwamba walicheka maswali yasiyo na maana ya wakili, si shahidi. Lakini yeye, aliyekaa kizimbani, aliwezaje kutofautisha? Ushahidi hutolewa kwa ajili ya haki, na haki ni jambo kubwa. Ila nafsi ya kwanza inayojibu swali la mwingine haijawa bado bwana wa nyumba yake.

Dakika kumi na tano, na vijiji vya Kivu

Wanasaikolojia walifika baadaye, na walikuja na mizani. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio lililowataka wanafunzi waandike kwa dakika 15, jioni nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa mganga mara chache kuliko wengine. Tafiti nyingi zimefuata, na zinatuasa tusitie chumvi: kwa wastani manufaa ni madogo, na kuandika peke yake hakuchukui nafasi ya tiba. Lakini mwaka 2003 Sherlock Campbell na Pennebaker walionyesha jambo ambalo mwalimu wa sarufi angelipaswa kulisikia mapema. Walioboreka kiafya zaidi walikuwa wale waliobadilisha matumizi yao ya viwakilishi vya nafsi kutoka siku moja hadi nyingine. Waliobaki katika nafsi moja hawakuonyesha manufaa kama hayo. Kuhama kutoka yeye hadi mimi, na kurudi, hakukuwa kosa la upatanisho. Ilikuwa ni dalili kwamba mwandishi anaizunguka nyumba yake, anaitazama kwa nje, kisha anathubutu kuingia.

Na wasiojua kuandika? Katika Mashariki ya Kongo, ambako vita vimewaumiza wanawake wengi mno, timu iliyoongozwa na Judith Bass ilichapisha mwaka 2013 utafiti uliohusisha wanawake 405 manusura wa ukatili wa kingono. Tiba iliyotumika ilibuniwa na Patricia Resick na wenzake nchini Marekani kwa ajili ya waliobakwa, na katika asili yake mgonjwa huandika nyumbani maana ambayo tukio limeiacha katika maisha yake. Wanawake wengi wa Kivu hawakuwa wamesoma. Mazoezi yale yakageuzwa kuwa ya mdomo: yakarahisishwa, yakahifadhiwa moyoni, yakarudiwa katika kikundi. Wala hawakutakiwa kulisimulia tukio lenyewe. Walitakiwa kuyachunguza mawazo lililoyapanda, kama vile wazo kwamba kosa ni lao. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na dalili nzito za huzuni na wasiwasi, ikilinganishwa na asilimia 42 ya waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja.

Sisi tunaoishi na fasihi ya tenzi hatupaswi kushangaa. Kutunga bila ya karatasi, kuhifadhi ubeti moyoni, kuugeuza na kuurudia mpaka ukae sawa, ni elimu ya bibi zetu. Kiini cha uandishi si wino. Ni mtu kulipanga upya jambo ambalo lilimjia bila ya mpangilio, mbele ya masikio aliyoyachagua.

Hitimisho

Narudi kwenye daftari lile. Leo nasadiki kwamba mwanafunzi wangu alifanya alichofanya Siti, alichofanya Jacobs, na kilichopimwa na watafiti: alianza kwa stara ya nafsi ya tatu, akaingia kwa sentensi mbili, akatoka. Huenda nakosea, huenda ilikuwa ni ghafla ya kalamu. Lakini sikumpa nafasi ya kuniambia, kwa kuwa nilikwisha kumjibu kwa wino.

Wengi wenu mtakuwa walimu wa lugha. Mtasomewa, au mtaletewa, maandishi ya namna hii. Msiyadai: mwanafunzi asilazimishwe kuandika jeraha lake ili apate alama. Yakija, msiyasome mbele ya darasa, na msianze na ngeli. Mwiteni kando, mwambieni kwamba mmemsoma, mkamwulize angependa nini kifuate. Na ikiwa ni mtoto, mfuateni hadi kwa wale ambao sheria na utabibu vimewapa dhamana ya kumlinda, kwa kuwa hapo kunyamaza kwenu kutakuwa kuficha. Sarufi itangoja. Nafsi ya kwanza ikichungulia mlangoni, kazi ya mwalimu ni kutoufunga mlango.